Savan: siku saba katika mji wa mama mkwe wangu

Mama mkwe wangu alitoka Savannakhet, kusini mwa Laos, usiku mmoja wa Novemba 1976. Alikuwa na miaka 17. Hakurudi tena mpaka Januari 2025, tulipokwenda wawili, mimi na yeye, kwa kuwa mume wangu hakupata ruhusa kazini. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wanangu wanakisoma. Kilao cha bibi yao hawakukipata.

Siku ya kwanza. Mukdahan, Thailand

Tumefika jioni kwa gari dogo la abiria kutoka Ubon Ratchathani. Mabegi hayajafunguliwa, Mama anataka kuuona mto. Mwezi wa kwanza Mekong huwa umepungua. Mafungu ya mchanga yamechomoza, na ng'ambo inaonekana miti, mnara wa simu na paa jekundu la hekalu. Kule ndiko kwao. Tumekaa kwenye ngazi za ukingoni mpaka giza likaingia, taa zikawaka pande zote mbili.

Mimi ni mtoto wa Kigoma. Nimekulia nikiitazama milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na mwaka 1996, nikiwa darasa la tatu, nilisimama Kibirizi na wenzangu tukiangalia maboti yakishusha watu na magodoro yao, masufuria yao, kuku wao. Sisi wa ufukweni tuliona kama maisha ya wale watu yameanza pale waliposhuka. Hatukuwaza kwamba walikotoka kuna barabara waliyoizoea, duka walilokopeshwa, mti waliokuwa wakiupanda. Basi safari hii nimekuja kuuliza habari za kabla ya boti.

Nikamwuliza, "Mama, mlishukia wapi?" Akaonyesha kidogo chini ya mto. "Palikuwa na mianzi mitupu." Sasa pana hoteli.

Siku ya pili. Daraja

Mto aliouvuka usiku kucha, leo tumeuvuka kwa dakika chache ndani ya basi la mpakani. Daraja la Pili la Urafiki lina urefu wa mita 1,600, lilijengwa kwa mkopo wa Japani na kuzinduliwa Desemba 2006. Thailand magari yanapita kushoto kama kwetu. Ukiingia Laos yanahamia kulia, kama walivyoacha Wafaransa.

Kwenye dirisha la uhamiaji kijana mpole alichukua pasipoti ya Mama, ya Ufaransa, akamsikia akiongea. "Mama, Kilao kizuri hiki umejifunzia wapi?" Hakujibu. Alipokea pasipoti kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akapita. Ndani ya bajaji akamwambia dereva neno moja: "Savan."

Ndivyo wenyeji wanavyouita mji huu. Savan ni peponi, na Savannakhet kwa asili ni mji wa peponi. Kwenye ramani za serikali, tangu 2005, mji unaitwa Kaysone Phomvihane, na Savannakhet limebaki jina la mkoa. Kaysone alizaliwa mwaka 1920 katika kijiji cha Na Seng, mkoa huu huu, mama Mlao na baba karani wa Kivietnam. Ndiye aliyeongoza chama cha kikomunisti, akawa waziri mkuu wa kwanza wa jamhuri iliyotangazwa tarehe 2 Desemba 1975, kisha rais, mpaka alipofariki 1992.

Lakini Mama hakuacha nisikie jina moja tu. Jenerali Phoumi Nosavan, kiongozi wa mrengo wa kulia aliyesaidiwa na Marekani, naye alizaliwa Savannakhet, mwaka ule ule wa 1920. Na Kong Le, kapteni wa askari wa miamvuli aliyeiteka Vientiane tarehe 9 Agosti 1960 akitaka nchi isiegemee upande wowote, ni mtu wa mkoa huu pia. Phoumi alikusanya jeshi lake hapa Savan, akapanda nalo kaskazini, na mwezi Desemba akamtoa Kong Le mjini Vientiane. Ng'ambo ya mto waziri mkuu wa Thailand alikuwa Sarit Thanarat, ndugu wa ukoo wa Phoumi, aliyelelewa Mukdahan kwa kina mama yake. Tazama basi: pande tatu za vita iliyoiunguza nchi nzima, na wote ni watoto wa mkoa mmoja, kando ya mto mmoja. Mama alikuwa na mwaka mmoja wakati huo. Anasema nyumbani kwao walikatazwa kutaja majina hayo matatu wakati wa kula.

Siku ya tatu. Mji wa zamani

Leo nimejaza kurasa nyingi, na nyingine sijazimaliza.

Tulianzia kanisani. Kanisa la Mtakatifu Teresa lilijengwa mwaka 1930, limesimama mwisho wa uwanja wa mji wa kale, na pande mbili za uwanja ni nyumba za ghorofa moja, maduka chini, watu juu, kuta za rangi ya manjano zilizobanduka, madirisha ya mbao yaliyopoteza vipande. Nyingine zimekarabatiwa, zinauza kahawa. Nyingine mimea imeota darini.

Mama si Mkristo, ila kengele ya kanisa hili ndiyo ilikuwa saa yao. Ya alfajiri ikilia, bibi yake alikuwa tayari amewasha mkaa. Bibi aliuza khao jee, mkate wa boflo ambao Walao walijifunza kwa Wafaransa kisha wakaufanya wao: unapasuliwa, unapakwa maini yaliyosagwa, unatiwa nyama, kachumbari ya karoti na pilipili, halafu unarudishwa juu ya mkaa mpaka ganda lilie. Kazi ya Mama, akiwa na miaka sita, ilikuwa kupepea moto. Wateja wa kwanza walikuwa watawa wa Kibuddha waliopita na bakuli zao kupokea sadaka. Hao hawalipi, na lazima wapewe kabla ya wote. Wa pili walikuwa Wavietnam waliotoka misa. Wa tatu, watoto wa shule wenye senti zao.

Nilishangaa kusikia Wavietnam wakitajwa kila mahali, mpaka aliponieleza. Siam, yaani Thailand ya leo, ililazimishwa kuiachia Ufaransa ukingo huu wa mto kwa mkataba wa tarehe 3 Oktoba 1893, na Wafaransa walipojenga miji ya utawala kando ya Mekong waliwaleta Wavietnam kuwa makarani, walimu, waashi na mafundi cherehani. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, katika miji kama huu na Thakhek kule kaskazini, Wavietnam walikuwa wengi kuliko Walao wenyewe. Kisha Machi 1946 Wafaransa wakarudi kwa silaha. Waliichukua Savannakhet, na tarehe 21 wakaipiga Thakhek. Mwanamfalme Souphanouvong, aliyekuwa akiwapinga, alijeruhiwa akivuka mto. Maelfu ya Wavietnam wakakimbilia Thailand kwa mitumbwi. Bibi yake Mama aliwaona. Miaka 30 baadaye, zamu ikaja kwa wajukuu wake.

Sinema ya zamani bado ipo, jengo la saruji lenye uso wa kujivuna, mlango umefungwa. Mama alisimama mbele yake akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Paris. Alikuwa akiingia kwa hila: anambebea tiketi mama mmoja wa Kichina mwenye duka la vitambaa, anajifanya mtoto wake. Filamu nyingi zilitoka Thailand na India. Kwa Kihindi hakuelewa hata neno, lakini nyimbo alizishika, na nyumbani kwake Ufaransa nimewahi kumsikia akiimba moja akiosha vyombo. Nilidhani ni ya Kilao.

Nyumba tuliipata kwa mkwaju. Barabara imewekewa lami, namba zimebadilika, ukuta mpya umejengwa mbele, ila mkwaju uko pale pale, mnene kiasi kwamba mikono yetu miwili haikukutana. Akainama akaokota ukwaju ulioanguka, akaupasua, akanipa nusu. Walikuwa wakiula na chumvi na pilipili. "Na sisi," nikamwambia. Akaniangalia kama nimemdanganya.

Nyumba yenyewe ni tupu. Ilikuwa ya mbao juu na matofali chini. Nusu ya juu imeanguka.

Tulipokuwa tumesimama hapo, nyumba ya jirani akatoka mwanamke mzee, nywele nyeupe, ameshika mwiko. Anauza khao piak, supu ya tambi nene za mchele. Akatuuliza kama wanavyoulizana hapa badala ya hujambo: "Kin khao leo bo?" Umeshakula wali? Mama akajibu kwamba bado. Yule bibi akasogea, akamtazama mdomo, akamtazama macho, kisha akataja jina la utotoni ambalo mimi, mkwe wa miaka 14, nilikuwa sijawahi kulisikia.

Sikuandika chochote kwa muda wa saa mbili. Nilikula. Walishikana mikono juu ya meza wakaongea kwa haraka, na mimi nikaambulia maneno niliyoyajua: mama, mto, mtoto, kufa, kufa, kufa. Baadaye Mama alinifupishia. Walikuwa dawati moja shuleni. Familia ya yule rafiki iliamua kubaki. Nyumba ya Mama ilichukuliwa, ikawa makazi ya watumishi, ikawa stoo, ikaachwa. Mkwaju ulitaka kukatwa mara mbili, na mara mbili yule bibi alitoka akasimama chini yake.

Siku ya nne

Mama amelala mchana kutwa. Nimekwenda peke yangu kwenye jumba dogo la makumbusho ya dinosaria. Mwaka 1936 mwanajiolojia Mfaransa, Josué Hoffet, alichimbua mifupa huko Tang Vay, ndani ya mkoa huu, na mnyama mmoja wa shingo ndefu aliyepatikana huko alipewa mwaka 1999 jina lenye kijiji na mchimbuaji: Tangvayosaurus hoffeti. Mwingine, mla samaki mwenye tanga mgongoni, alipewa jina Ichthyovenator laosensis mwaka 2012. Mhudumu aliniachia niguse mfupa wa paja, mzito kama jiwe, maana ni jiwe.

Jioni nilimsimulia Mama. Hakuwahi kusikia. Mifupa ilichimbwa miaka zaidi ya 20 kabla hajazaliwa, na hakuna mwalimu aliyewaambia. Walichofundishwa ni mito ya Ufaransa, naye bado anaweza kuitaja yote kwa mpangilio.

Siku ya tano. That Ing Hang

Kilomita 13 hivi nje ya mji, katikati ya miti mikubwa, kuna stupa, mnara mtakatifu wa Kibuddha, ambayo Walao wa kusini wanaiheshimu kuliko karibu zote. Inasemwa kwamba Buddha alipopita hapa aliegemea mti uitwao hang, na jina linasema hivyo hivyo: ing ni kuegemea. Jengo linalosimama leo linahesabiwa la karne ya 16. Mwanamke sharti avae sinh, kitambaa cha kujifunga kiunoni chenye pindo la kufumwa. Asiye nacho anaazimwa langoni. Nilijifunga bila kusaidiwa, na Mama akaridhika. Mtu aliyezaliwa na khanga hahitaji kufundishwa.

Chumba cha ndani kabisa wanawake hawaingii. Tulibaki nje na maua na mishumaa yetu. Nilitaka kuuliza kwa nini, nikaona uso wake, nikaacha. Zamani alikuja hapa na bibi yake kwa mkokoteni wa ng'ombe, wakilala njiani, mikeka na vikapu vya wali juu. Wali wenyewe ni ule wa kunata, khao niao, unaokaa kwenye kikapu kidogo cha mianzi na kuliwa kwa mkono: unamega tonge, unalibonyeza, unachovya. Tangu siku ya kwanza nimekula kama niko nyumbani na ugali. Na kitoweo cha safari kilikuwa sin savan, nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vyembamba, ikalazwa na ufuta, sukari na kitunguu saumu, ikaanikwa juani kisha ikakaangwa. Inajulikana nchi nzima kwa jina la mji huu.

Usiku wa mkesha, wazee waliimba lam kwa kupokezana, mwanamume na mwanamke, na nyuma yao khene, ala ya mianzi inayopulizwa ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2017. Mkoa huu una lam zake: ya Khon Savan, ya Tang Vay, ya Waphu Thai. Mama anazitofautisha kwa sekunde chache. Kwenye gari nilimchezea tatu kwenye simu, hakukosea hata moja.

Siku ya sita. Barabara namba 9

Sikutaka aje. Akasema, "Baba yangu alifanya kazi kwenye barabara hii, wewe uende peke yako umtafute nani?"

Kilomita 30 hivi kutoka mjini tunafika Seno, njia panda ya barabara ya 9 na ya 13. Nilidhani ni jina la Kilao. Kumbe ni herufi za mwanzo za Kifaransa: kusini, mashariki, kaskazini, magharibi. Wafaransa walijenga kambi kubwa hapa, na hata mapatano ya Geneva ya 1954 yaliwaacha waendelee kuishika. Baadaye ikawa ya jeshi la kifalme. Baba yake Mama alikuwa sajenti hapo. Jumamosi alirudi nyumbani na sukari ndani ya kofia. Mwaka 1975, utawala ulipogeuka, maofisa na askari wa zamani waliitwa kwenye samana, kambi za kufundishwa upya siasa. Neno lenyewe maana yake ni semina. Waliambiwa wabebe nguo za siku chache. Hakurudi, na hawakupewa kaburi.

Mama alimwomba dereva asimame. Hakushuka. Alifungua kioo, akatazama upande mmoja, akatazama upande wa pili, akasema tuendelee.

Tulisafiri karibu kilomita 200 mpaka wilaya ya Xepon, kuelekea mpaka wa Vietnam. Huku ndiko zilikopita njia za siri ambazo Vietnam ya Kaskazini ilizitumia kupeleka askari na silaha kusini, zile ambazo dunia imeziita Njia ya Ho Chi Minh. Kati ya 1964 na 1973 Marekani ilirusha ndege zake juu ya Laos mara 580,000 na kuangusha zaidi ya tani milioni mbili za mabomu. Ndani yake zilikuwamo bombi, ndivyo wanavyoziita, vibomu vya ukubwa wa chungwa dogo, zaidi ya milioni 270. Inakadiriwa milioni 80 havikulipuka. Viko ardhini mpaka leo. Mkoa huu ni miongoni mwa iliyopigwa zaidi. Vijijini nimeona maganda ya mabomu yakiwa nguzo za ghala, yakiwa vitalu vya vitunguu.

Ban Dong kuna makumbusho ya vita na vifaru vilivyoachwa. Februari na Machi 1971 jeshi la Vietnam ya Kusini liliingia hapa kuzikata zile njia, Wamarekani wakilisaidia kutoka angani, likarudishwa kwa hasara kubwa. Mjini Savan, Mama alikuwa na miaka 12. Anachokumbuka ni madirisha kutetemeka usiku, na watu wa vijiji vya mashariki wakiingia mjini kwa miguu, wamelala kwenye uwanja wa kanisa. Bibi yake aliacha kuuza mkate kwa wiki kadhaa. Alikuwa akiugawa.

Nikamwambia habari za Kibirizi. Sikuwahi kumwambia kabla. Akauliza, "Mliwapa chakula?" Nikasema mama yangu aliwapikia uji. Akatikisa kichwa kwa kukubali, akalala begani mwangu mpaka mjini.

Siku ya saba. Mto

Asubuhi yule rafiki wa dawati moja alituandalia su khwan. Walao husema mtu ana khwan 32, roho za viungo vyake, na zinapotea njia kwa urahisi: ukiugua, ukishtuka, ukienda mbali. Inabidi ziitwe. Katikati ya sebule paliwekwa mnara wa majani ya mgomba na maua ya manjano, mayai, wali na pombe ya mchele, na nyuzi nyeupe za pamba zikining'inia. Mzee aliimba maneno marefu ya kuziita zirudi, zivuke mto na msitu, zisikae ugenini. Kisha kila mtu akamfunga Mama uzi mkononi, akimnong'oneza dua. Walikuja majirani ambao hawakumjua kabisa. Mikono yake ikawa mieupe mpaka karibu na viwiko. Wakanifunga na mimi. Uzi hukaa siku tatu angalau. Wangu nimeuacha mpaka ukatike wenyewe.

Alasiri akanipeleka pale walipoondokea, chini ya Wat Sainyaphum, ukingoni. Walikuwa watano na mwenye mtumbwi: mama yake, yeye, na wadogo watatu. Walilipa bangili ya dhahabu ya bibi. Bibi mwenyewe alikataa kupanda. Alisema watawa watapita asubuhi, nani atawapa. Mdogo wa mwisho alinyweshwa dawa ya kifua ili asilie. Walilala kwenye bustani za mboga mpaka mwezi ulipozama.

Bustani bado zipo. Maji yakipungua, watu hulima kwenye matope yanayobaki, matuta mpaka karibu na mto, na kabla ya mvua wanavuna kila kitu. Mwanamke wa makamo alikuwa akimwagilia maji kwa mikebe miwili na mzega. Mama akamwulizia bei ya vitunguu majani. Mwanamke akatua mzega, akaitazama mikono yenye nyuzi, viatu vya kigeni, na mimi nyuma yake. Akauliza, "Wewe ni mtu wa wapi?"

"Khon Savan," Mama akasema. Mtu wa Savan.

Yule mwanamke akainama kwenye tuta akaanza kung'oa vitunguu, akikung'uta udongo, fungu moja, la pili, na la tatu ambalo hakulihesabia bei.